Tumbo Tupu Halipandi Meli

Ukifika Ziwani, kijijini kwetu huku Mtwara, ukaulizia Bi Somoe, utaulizwa yupi, maana kina Somoe huku kwetu hawahesabiki. Lakini ukisema Mama Chemsha, hata mtoto atakushika mkono akupeleke. Jina hilo alipewa na majirani, na hawakumwonea. Alikuwa hanywi maji mpaka yachemke, hali chakula mpaka akione kinatoka chunguni kinafuka moshi, na ukimkaribisha chai atakisuuza kikombe kwa chai hiyohiyo, aimwage, ndipo amimine ya kunywa. Watu walikuwa wananuna.

"Kwani sisi kwetu wachafu, Bi Somoe?"

"Hapana, mwenzangu. Tumbo langu jepesi."

Jepesi wapi! Tumbo lake lilikuwa gumu, angemeza msumari likasaga. Hofu ndiyo iliyokuwa inamsumbua.

Na msimcheke kabla hamjajua. Mumewe, Saidi, alikwenda kwenye hitima upande wa Mnazi Bay, akala pilau na wenzake, akarudi anaimba. Kesho yake tumbo likamshika, na jioni yake hakuwa na sauti ya kuomba maji. Kipindupindu. Wakaja watu wa afya na mabuti na pampu ya dawa mgongoni, wakamfunga marehemu kwenye nailoni, wakamzika wao wenyewe pembeni ya mikorosho. Somoe ameshikwa na wanawake wawili, huku na huku, asisogee. Uso wa mumewe hakuonyeshwa, wala hakuna aliyemwambia njoo umuage. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Somoe alishtuka mpaka kwa kikombe cha chai.

Alibaki na mtoto mmoja tu, Hawa. Akamlea kwa maji ya moto na kelele za nawa mikono, nawa mikono, mpaka binti akawa anamtania: "Mama, wewe hata mvua ungeweza ungeichemsha kabla haijanyesha." Alikuwa mcheshi huyo Hawa, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na alikuwa hamvunjii mama yake neno. Nataka mlikumbuke hilo. Angekuwa mkaidi kidogo tu, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Akaolewa na Juma, kijana wa hapahapa Ziwani aliyepata kazi ya ulinzi kwenye ofisi moja Dar es Salaam. Wakapanga chumba Mbagala. Mwaka wa tisini na saba ukiwa unakwisha, habari ikaja kwamba Hawa ni mjamzito.

Sasa kwetu mimba ya kwanza ni ya mama. Binti hurudi nyumbani kujifungulia kwa mama yake, na ikishindikana, mama anamfuata aliko. Hakuna cha kusema nina kazi, nina shamba. Mtoto wa kwanza apokewe na bibi yake, afungwe kwenye mbeleko ya bibi yake. Mama asiyefika siku hiyo atasemwa mpaka kwenye ngoma.

Mpango ulikuwa Hawa arudi kwa basi. Basi gani! Ndiyo ule mwaka wa mvua za Elinino. Rufiji ikafura ikameza njia, barabara ya kusini ikawa uji, mabasi yakalala matopeni na abiria wake. Ikabaki meli. Na Somoe aliposikia meli, akapiga ukelele.

"Mwanangu na mimba yake apande meli? Kwenye vile vyoo? Watu mia wanatumia ndoo moja! Sitaki!"

Maana Dar nako kipindupindu kilikuwa kimeingia na mvua, redio ikitangaza kila jioni. Akawaza akawazua, mwisho akakata shauri kwamba kama ni hatari, basi aingie yeye. Akapanda baiskeli ya jirani hadi Mtwara mjini, kwenye nyumba ya simu, akapiga pale ofisini anapolinda Juma. Walikuwa wamepeana siku, kwa hiyo Hawa alikuwepo anasubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo vipi?"

"Tumbo lipi? La mtoto au la kuhara?" Hawa akacheka mpaka simu ikakwaruza.

"Usinitanie, hela inakwenda. Sikiliza. Nakuja na meli ya wiki hii. Huko mahospitalini nasikia kumejaa watu wa kipindupindu. Usiende kulala huko kabla sijafika. Uchungu ukianza tulia nyumbani, mtoto wa kwanza hana haraka. Nikifika nitakupeleka mwenyewe, na maji yako ya kunywa nitayabeba. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Niambie umesikia nini."

"Nisiende popote mpaka mama aje."

"Niahidi."

"Naahidi, mama. Lakini na wewe usichelewe."

Akarudi Ziwani akaanza kujiandaa kama anayekwenda vitani. Akachemsha maji akajaza dumu, akalifunga mdomo kwa nailoni na kamba. Akaitoa ile kanga aliyombebea Hawa, imepauka lakini nzima, akaifua, akaianika, akaikunja chini kabisa ya kikapu. Halafu akatengeneza kinga. Kwetu mtu akiharisha, atachemshiwa magome ya mkorosho au majani ya mpera, anywe kikombe kimoja, tumbo lifunge. Somoe akachanganya vyote viwili. Akakokeza moto mpaka maji yakawa meusi, machungu, yanakunja ulimi. Akajaza chupa. Akasema, "Nitakunywa hii kabla ugonjwa haujaja. Ukija ukute mlango umefungwa." Na kula, akasema, hali kitu mpaka akanyage Dar. Si chake wala cha mtu. Anayefunga mwezi mzima wa Ramadhani atashindwa na safari ya kulala mara moja?

Mnaona? Kila alichofanya kilikuwa na akili yake. Hapo ndipo panaponiuma mimi.

Siku ya safari bandari ya Mtwara ilijaa watu kuliko siku ya sikukuu. Barabara imekatika, nani atabaki? Magunia ya korosho, magodoro, matenga ya kuku, watoto. Daraja la chini kulikuwa na joto na harufu ya mafuta, na maji ya chooni yalikuwa yanatambaa kwenye korido. Somoe akayaona, akanyanyua kanga yake, akapanda juu, akajibanza pembeni penye upepo. Akafungua chupa, akapiga kikombe cha kwanza cha dawa. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri.

Pembeni yake alikaa mzee mmoja anaitwa Gaudensi, Mmakonde wa upande wa Ndanda, aliyebeba mizigo bandarini miaka mingi mpaka mgongo ukapinda, sasa anakwenda kumwona mwanawe. Mzee wa maneno huyo. Meli haijavuka hata mlango wa ghuba, keshafungua kifurushi cha ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, na chumvi na pilipili, akamsogezea.

"Karibu, mama."

"Ahsante, mzee wangu. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Nakutazama tangu bandarini, mdomo wako haujatafuna hata ukucha."

"Naogopa, mzee. Maradhi haya ya tumbo. Mtu anakula kitu kidogo tu, basi."

Gaudensi akaacha kutafuna. "Hii nimeichimba mwenyewe, kaichemsha mke wangu. Imenye kwa mkono wako kama huniamini. Lakini kula. Tumbo tupu halipandi meli, mama. Bahari inataka kitu cha kuchezea. Ikikosa, inachezea utumbo."

"Mimi ni mtu wa pwani, mzee."

"Wa pwani umelima mihogo! Umepanda chombo lini?"

Somoe alizaliwa akiiona bahari kwa mbali, lakini kuipanda hakuwahi. Akamgeuzia mzee kisogo kwa adabu, akapiga kikombe cha pili.

Giza lilipoingia meli ikaanza kuyumba. Mtoto mmoja akatapika, kisha mama yake, kisha kijana mmoja mwenye tenga la kuku. Na mwaka ule mtu akitapika hakuna aliyesema bahari. Watu waliita kipindupindu, wakasogea, nafasi ikapatikana ambayo mchana haikuwepo. Somoe akajifunika pua kwa kanga, akahamia pembe nyingine. Yule mama wa mtoto alimnyooshea kikombe akiomba maji, na Somoe akatazama kando kama hakuona. Dumu lake alilikumbatia. Kila mtu alipotapika, yeye akanywa dawa. Kulipokucha chupa ilikuwa imebaki mashapo.

Walikuwa wamepita Mafia, mawimbi makubwa yanakuja kwa ubavu, alipohisi mate yamejaa mdomoni. Akayameza. Yakarudi. Akashika chuma, akasema moyoni, la, la, Mola wangu, si leo. Halafu akatapika. Na matapishi yalikuwa meusi, machozi yanamtoka na kamasi, goti moja chini, kanga imeangukia kwenye uchafu. Alipoinua kichwa aliona watu wamerudi nyuma wamemzunguka kwa mbali. Yule mama wa mtoto alikuwa miongoni mwao, amejifunika pua.

"Meusi! Mmeona? Meusi!"

"Jamani, ni dawa," Somoe akasema. "Ni dawa ya mkorosho tu."

Nani alimsikia? Mzee Gaudensi peke yake ndiye aliyemjia. Akamwita Mungu kwa Kimakonde, akamshika kichwa, akamfuta mdomo kwa shati lake. "Ni bahari, nyie!" akawapigia kelele. "Hamjui bahari? Ninyi wenyewe mmetapika usiku kucha!" Lakini aliyetapika usiku anafurahi akipatikana wa kutapika mchana.

Meli ilipofunga Dar, watu wa afya walikuwa gatini wanasubiri, na vidole vyote vikanyooka. Yule pale! Wakamlaza kwenye machela, kikapu na dumu miguuni pake. Kusimama alikuwa hawezi, siku nzima na usiku wake hajatia kitu tumboni na maji yote yametoka. Ukimtazama ungeapa ni mgonjwa.

"Mwanangu!" akalia. "Mwanangu anajifungua Mbagala, ananisubiri!"

Gaudensi akakimbia na ule mgongo wake pembeni ya machela. "Nielekeze, mama. Nielekeze nyumba, nitafika."

Na akafika, mzee wa watu. Hakwenda kwanza kwa mwanawe. Akaulizia Mbagala nzima mpaka akapata nyumba ya kina Juma, akamkuta Hawa amekaa barazani na tumbo lake, macho njiani. Akamwambia kwa upole wote alionao: mama yako amefika, ni mzima, ni bahari tu ndiyo imemtapisha, wamemweka kwenye kambi ya kipindupindu wamtazame. Mzee alisema mzima, akasema bahari. Hawa alichosikia ni kambi ya kipindupindu.

Kambi yenyewe ilikuwa mahema kwenye uwanja, imezungushiwa kamba, mlangoni beseni la dawa na mlinzi mwenye glovu. Somoe akatundikiwa dripu. Chupa mbili tu zikamrudisha, akakaa kitandani, akaomba ruhusa aende.

Nesi aliyekuwa zamu, Yustina, alikuwa binti mpole. "Mama, hapa hatoki mtu mpaka choo chake kipimwe. Ndiyo amri ya daktari. Ukipata choo niite, nitakipeleka mwenyewe haraka."

Basi sikieni. Choo hakikutoka. Magome ya mkorosho na majani ya mpera, chupa nzima, yalikuwa yamefanya kazi yake. Alitaka mlango ufungwe, na ukafungwa kwelikweli. Kushoto watu wanakwisha kwa kuhara, kulia watu wanakwisha kwa kuhara, yeye katikati amekaa kwenye kitanda cha kambi, chenye tundu la choo, anamwomba Mungu kitu ambacho wenzake walikuwa wanaomba kisimamishwe. Yustina alicheka siku ya kwanza. "Mgonjwa wa kipindupindu asiyepata choo, ndiyo kwanza namwona." Siku ya pili hakucheka. Akamwendea daktari. Daktari, naye hajalala sijui tangu lini, akasema amri ni amri, akitoka huyu bila kupimwa wote watataka kutoka.

Adhuhuri yake Juma akaja kwenye kamba. Kijana yule alikuwa na adabu kwa mkwewe, hajawahi kumtazama usoni. Siku hiyo alimtazama.

"Mama, uchungu umeanza tangu jana jioni."

"Yuko hospitali gani?"

Juma akatikisa kichwa. "Hataki. Anasema mama kasema nimsubiri. Nikimwambia twende, anasema mama yangu mwenyewe kashikwa huko, mimi na mtoto wangu mnataka kutupeleka wapi? Mkunga wa mtaani anasema mtoto amekaa vibaya."

Somoe akaikamata kamba. "Mpeleke! Juma, mpeleke sasa hivi! Mwambie mama kasema nenda!"

"Nimeshamdanganya hivyo usiku, mama. Hajaamini. Na sasa hataniamini tena."

Hapo akakumbuka mbeleko. Akakimbilia kikapu, akaivuta ile kanga kutoka chini, akarudi mbio. "Mpe hii. Akiiona atajua nimesema mimi. Hii anaijua tangu yuko mgongoni kwangu!" Akairusha juu ya kamba.

Mlinzi akaidaka kabla ya Juma. Hakuwa mtu mbaya, hata mimi simlaumu. Alikuwa na kazi yake, na kazi yake ilisema hakuna kitambaa kinachotoka mle ndani. "Pole, mama," akasema, akaichukua kwa ncha za vidole, akaitupa kwenye shimo walikokuwa wanachomea matandiko. Moto ulikuwa unawaka. Somoe akaona ikishika.

"Kimbia, Juma!" akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Kimbia hivyohivyo! Mbebe!"

Juma akakimbia. Akabaki mama ameshika kamba, moshi unamjia usoni.

Kesho yake Yustina akamshika daktari mkono, akamleta mpaka kitandani, akamwambia mtazame mwenyewe. Daktari akamtazama, akaminya tumbo, akasema mwache aende. Somoe hakuaga mtu. Kwa mguu alikwenda, anauliza njia, dumu lake la maji mkononi, maji yaleyale ya Ziwani, hajamnywesha mtu hata tone. Alipoikaribia nyumba aliona viatu vingi mlangoni. Akaona mikeka imetandikwa uani, wanawake wamejifunika kanga. Walipomwona, mmoja akasimama, na wote wakaanza kulia kwa pamoja.

Dumu likamtoka mkononi, likapasuka, maji yakatapakaa uani.

Walikuwa wamemzika asubuhi ileile. Wangemngoja mpaka lini? Hawakujua atatolewa. Waliomwosha ni wanawake wa mtaa ule, Mungu awalipe, watu ambao Hawa alifahamiana nao mwaka mmoja tu. Mara ya pili hiyo. Mume alizikwa hakumwona, na mtoto kazikwa hakumwona. Kosa la mara ya kwanza hakulijua ni la nani. Hili alilijua.

Juma akamweleza, machozi yanamtiririka, kwa sababu mama alimshika mabega akamlazimisha asimfiche. Alifika nyumbani akamkuta Hawa amelegea. Akamwambia, mama kasema twende, nakuapia. Hawa akatabasamu kwa shida. Akasema, "Mama yangu simjui? Hawezi kusema hivyo. Mimi nilimwahidi." Alipozimia ndipo walipombeba. Hospitali walimpokea palepale, wakampasua, wakamtoa mtoto yuko hai. Na wodi yenyewe, Juma akasema, ilikuwa safi, kina mama wamelala na watoto wao. Watu wa kipindupindu walikuwa wanalazwa kwenye mahema, si pale.

Somoe akapiga kichwa ukutani. "Nilimfunga mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemfunga mwanangu." Wakamshika. Lakini pole hawakumpa, maana Waswahili wanasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mimi nauona msemo huo ni mkali mno. Nani anayestahili pole kuliko huyo?

Mtoto alikuwa wa kike. Dada yake Juma, Mwanahamisi, alikuwa ananyonyesha wa kwake, akamweka na huyu ziwa la pili. Jina alikuwa ameliacha mama yake tangu zamani: akiwa wa kike, ni Somoe. Bibi akapewa ampakate. Akampakata kidogo, akamrudisha. "Mikono yangu si mizuri," akasema.

Arobaini ilipopita alirudi Mtwara kwa meli. Barabara ilikuwa bado. Safari hii alishuka daraja la chini, akakaa penye korido yenye maji. Akanunua wali wa mle melini, umepoa, una nzi, akala wote. Jirani yake alikuwa mwanamke anakohoa, anakunywa maji ya bomba la meli kwenye kopo la bati. Somoe akamwomba, akanywa kwenye kopo lilelile, bila kulisuuza. Akaokota ganda la embe alilodondosha mtoto, akalitafuna. Alikuwa anauita ugonjwa kwa jina.

Haukuja. Alishuka Mtwara mzima kabisa, tumbo halijamuuma hata kidogo.

Tangu hapo Ziwani hawakumwona tena akichemsha maji. Alikula penye hitima, penye harusi, alikunywa kisimani kwa kiganja. Kipindupindu kilipopita tena wilayani, yeye ndiye aliyekwenda kuwafulia wagonjwa nguo zao wakati ndugu zao wamekimbia. Watu wakamsifu kwamba kawa jasiri. Jasiri! Mtu asiye na cha kupoteza si jasiri, jamani. Mjukuu alikuwa Dar, analelewa na Mwanahamisi, na bibi hakuomba hata mara moja aletwe.

Miaka ikapita. Daraja la Rufiji likajengwa, mabasi yakawa yanapita. Na likizo moja, bila kuulizwa, Juma akamleta mtoto. Miaka minane, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Aliposhuka kwenye baiskeli pale uani, Bi Somoe alishika nguzo ya nyumba.

"Shikamoo, bibi. Nina kiu."

Bibi akachota mtungini, akamnyooshea kata. Mtoto akaishika, akaipeleka mdomoni. Hapo mkono wa bibi ukaruka wenyewe, ukaipokonya, maji yakamwagika.

"Ngoja!" akasema. "Ngoja niyachemshe kwanza."

Akapiga magoti kwenye mafiga, akawasha moto. Juma alimwona akilia, akamsogezea kuni. Majirani waliouona moshi ule wakaambizana, Mama Chemsha karudi.

Likizo ilipokwisha bibi akawasindikiza mpaka stendi ya Mtwara. Mtoto akapanda, akakaa dirishani, kifurushi mapajani.

"Bibi, baba amesema nisile kitu, nitatapika njiani."

Bi Somoe akakifungua kifurushi yeye mwenyewe. Ilikuwa ming'oko, ameichimba kwa mkono wake, na chumvi na pilipili. "Baba yako hajui. Tumbo tupu halisafiri. Kula, mama."

Mtoto akamenya, akatafuna. Halafu akauliza, kama watoto wanavyouliza, katikati ya tonge. "Bibi, kweli mama alikuwa anakusubiri?"

"Kweli."

"Ukaenda?"

"Nilikwenda."

"Ukachelewa?"

"Nikachelewa, mjukuu wangu." Basi likawashwa. Bibi akaushika mkono ule mdogo dirishani, una chumvi ya ming'oko. "Sasa nisikilize. Ukiumwa, ukiwa msichana, ukiwa mke wa mtu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usimsubiri mtu. Hata mimi usinisubiri. Hata nikikwambia nisubiri, usinisubiri. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Niambie umesikia nini."

Mtoto akacheka, mdomo umejaa. "Nisikusubiri, bibi."

"Niahidi."

"Naahidi."

Basi likaondoka. Bi Somoe akabaki amesimama pale stendi, maganda ya ming'oko mkononi, anamjibu mtu mwingine.

"Ahsante, Hawa," akasema. "Nenda, mwanangu. Nenda."